Siku ya Arero

Ujumbe ulimkuta Waithera juu ya ngazi, akipanga chupa za dawa ya kupe kwenye rafu ya juu kabisa. Simu ilitetema ndani ya mfuko wa koti lake jeupe la dukani, naye akausoma huko huko juu, mkono mmoja umeshika rafu. Kadi yake ya mkopo ilikuwa imechelewa kulipwa kwa siku sitini na nane. Ikifika siku tisini, jina lake lingepelekwa CRB, kule yanakowekwa majina ya watu wasiolipa mikopo, na kila mkopeshaji nchini angeliona.

Alishuka hatua kwa hatua, akaketi juu ya gunia la chumvi ya mifugo, akausoma tena. Alidhani umetumwa kwa mtu mwingine. Yeye hakuwa na deni lililochelewa. Kila mwezi, tarehe moja, kabla hata ya kulipa kodi ya duka, alituma pesa za kadi. Hilo alikuwa na uhakika nalo kama alivyokuwa na uhakika na jina la mwanawe, Kinuthia.

Ungekuwa mwaka mwingine, angekasirika kidogo kisha akarudi kwenye chupa zake. Lakini wiki iliyopita kampuni moja ya dawa za mifugo huko Nairobi ilimwandikia kwamba inatafuta wakala Isiolo. Mmoja tu. Wakala huyo angepewa friji ya chanjo, angeuziwa dawa kwa bei ya kiwandani, na agroveti, yaani maduka ya dawa za mifugo, nyingine zote za mji zingenunua kwake. Waithera alikuja Isiolo mwaka ule serikali za kaunti zilipoanza, akafungua duka mtaa wa Bulla Pesa akiwa na meza moja na kabati lisilo na kioo. Miaka kumi sasa alikuwa akinunua dawa kwa watu wa kati na kuziuza kwa faida ya shilingi kumi, ishirini. Uwakala huo aliutaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote cha kununuliwa au kuuzwa. Na kampuni ilitaka karatasi mbili tu, zifike kabla tarehe thelathini haijaisha: leseni ya duka, na cheti cha CRB kinachoonyesha kwamba jina lake halina doa wala deni lililochelewa.

Siku ile ilikuwa tarehe nane. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Siku ya tisini ilikuwa inaangukia tarehe thelathini yenyewe.

Akafunga duka saa nne asubuhi, wateja wawili wakiwa njiani wanakuja, akaenda benki kwa miguu.

Kwenye dawati la kadi aliketi Kendi, msichana wa Kimeru mwenye sauti ya chini na subira ya muuguzi. Waithera alimwekea simu mezani na kumwonyesha malipo matatu, moja baada ya jingine, kila moja na tarehe yake. Elfu kumi na moja, elfu kumi, elfu kumi. Alisema hakuja kuomba msamaha, alikuja kuombwa. Kendi aliyasoma yote, akatazama kompyuta, akauliza simu ilipomtaka aandike nambari ya akaunti, aliandika nini.

"Nambari ya akaunti," Waithera alisema. "Wewe ungeandika nini? Jina la mbuzi?"

Kendi hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. Akaeleza kwamba pesa zote tatu zilifika salama, lakini ziliingia kwenye akaunti ya kawaida, ile ambayo Waithera aliifungua siku za kwanza za duka. Kadi ina nambari yake yenyewe, zile tarakimu kumi na sita zilizochapwa mbele, na mtu akilipia kadi kwa simu, nambari hiyo ndiyo huandikwa mahali pa akaunti. Miaka yote Waithera alikuwa akilipa dirishani, karani akimjazia. Miezi mitatu hii ndipo alipoanza kujilipia kwa simu ili asipoteze muda kwenye foleni. Kadi zake nyingine mbili, za benki nyingine, hazikuwa na shida yoyote, kwa sababu huko hakuwa na akaunti, na nambari pekee aliyokuwa nayo ya kuandika ilikuwa ya kadi. Mahali alipojulikana zaidi ndipo alipokosea.

"Lakini nyinyi mnaona nina deni, na mnaona pesa yangu iko hapa hapa kwenu," Waithera alisema. "Mbona hamkukata? Mkopo wa simu hujikata wenyewe, hata nikitumiwa mia mbili na mama mkwe."

"Kadi haijikati, Mama. Mpaka wewe uelekeze."

Jambo baya zaidi Kendi alilisema akitazama kibodi. Pesa zile hazikuwapo tena. Kati ya elfu thelathini na moja zilibaki elfu nne. Waithera akakumbuka vizuri sana. Mara tatu alikuwa amekwenda kwenye mashine ya kutolea pesa, akaona salio alilokuwa halitarajii, akamshukuru Mungu kwa mwezi mzuri, na kwenda kuongeza dawa ya minyoo.

Kendi alimwandikia hesabu kwenye kikaratasi. Malimbikizo, riba na faini: elfu thelathini na saba na mia mbili. Ukiondoa zile elfu nne zilizobaki, ambazo walizihamisha papo hapo, alihitaji elfu thelathini na tatu na mia mbili. Waithera alikichukua kikaratasi na kutoka bila kuaga. Njiani aliwalaumu watu wa benki, akaulaumu mtandao, akaulaumu usasa wote kwa jumla.

Aliporudi dukani alizitoa kadi zake tatu na kuzipanga juu ya kaunta. Ya buluu ndiyo iliyomponza. Ya kijani ilikuwa ya benki ya pili. Ya tatu ilikuwa na rangi ya dhahabu. Zote zilikuwa zimebeba deni tangu mwanzo wa mwaka, alipochukua oda kubwa ya mradi mmoja wa wafugaji, akanunua dawa kwa kadi zote tatu, na mradi ukamlipa baada ya miezi mitano huku riba ikitembea. Lakini ya kijani ilikuwa bado na nafasi. Angeweza kwenda kwenye mashine sasa hivi, atoe elfu thelathini na tatu, alipe ya buluu kabla ya saa sita mchana. Tarehe kumi na tano, zamu ya kulipa ya kijani ikifika, ile ya dhahabu ingeikoa. Mambo yangekwisha leo, na leo ndiyo aliyoitaka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkoba Dadacha alipoingia.

Dadacha alikuwa mfugaji wa upande wa Kinna. Alikuja kila mwezi kununua dawa ya minyoo, na hakuna mwezi alionunua bila kuzungumza kwanza.

"Salaam aleikum, Mama Kinuthia. Leo unacheza karata?"

Waithera akaitikia salamu, akamwambia hizo si karata, ni madeni. Dadacha akaiokota ile ya dhahabu na kuigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Hii inang'aa. Hii ndiyo dume?"

"Hiyo nilipewa na mwavuli," Waithera alisema, na hapo hapo akatamani asingesema. Ikabidi aeleze. Watu wa benki walikuja na hema karibu na soko, na kila aliyejaza fomu ya kadi alipewa mwavuli.

Dadacha akauangalia mwavuli uliosimama nyuma ya mlango, mpya, haujawahi kufunguliwa. "Ulinunuliwa na mwavuli," alisema. "Na Isiolo hii mvua ni mara ngapi?"

Alipomaliza kucheka alianza habari yake, kwa maana ndiyo iliyomleta kwa kweli, dawa ilikuwa kisingizio. Yeye ni aba herega wa visima vya kuchimbwa kwa mkono huko kwao, yaani ndiye anayepanga zamu za kunywesha: mifugo ya nani inakunywa leo, ya nani kesho, ya nani keshokutwa. Juma lililopita alikuja mwalimu mmoja wa Chechelesi, mtu wa kalamu, aliyerithi mbuzi arobaini kutoka kwa mjomba wake. Akapewa siku yake. Akafika mapema, akawasimamisha mbuzi kando ya hori la udongo lililo kavu, akajiegemeza kwenye fimbo kama alivyoona wafugaji wakifanya. Jua likapanda. Mbuzi wakalia. Mwalimu akakaa tu.

"Nikamuuliza anangoja nini. Akasema anangoja maji. Nikamwambia maji iko kisimani. Akasema anajua iko kisimani, ndiyo maana anangoja."

Huko kwake mjini, Dadacha alieleza, kuna kisima cha pampu ya jua. Hori likikauka linajijaza lenyewe. Mwalimu hakuwahi kuona hori ambalo linamngoja mtu.

Waithera alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha kicheko kikamkatikia. Pesa ilikuwa benki, naye alijua ilikuwa benki, na miezi mitatu alikuwa amejiegemeza kwenye fimbo. Kendi alimweleza neno lile lile asubuhi, naye akatoka bila kumuaga.

"Sasa mbuzi wake walikunywa?" aliuliza.

"Ngoja. Mchana amechoka, akaona hori lingine limejaa pomoni. Akataka kunyweshea hapo. Lile Arero, mfugaji mwenzetu, alilijaza kwa ng'ombe wake wa kesho, na kesho ni siku ya Arero. Mwalimu akasema atarudisha. Ati Arero naye anaweza kutumia siku ya mtu mwingine, halafu huyo naye ya mwingine." Dadacha aliiweka kadi ya dhahabu kando ya zile mbili. "Nikamuuliza, wewe ni mwalimu wa hesabu au wa nyimbo? Nikikupa siku ya Arero, Arero nitampa siku ya nani?"

Waithera aliitazama ya kijani, kisha ya dhahabu kando yake. Mwishoni mwalimu alivua shati, akashuka kisimani, akateka ndoo kwa ndoo mpaka mbuzi wa mwisho akainua kichwa. Siku hizi, Dadacha alisema, anajisifu kwa kila mtu kuhusu mikono yake. Kisha alilipa dawa yake na kwenda.

Waithera aliurudisha mkoba mahali pake. Alimpigia Kendi simu, akaanza kwa kumwomba radhi kwa asubuhi, jambo lililomgharimu kuliko faini. Halafu akauliza maswali mawili. La kwanza, kutoa pesa taslimu kwa kadi kunakula kiasi gani. Kendi akamwambia benki nyingi hukata ada papo hapo, na riba huanza siku ile ile, bila zile siku za nafuu ambazo mtu hupata akinunua kitu dukani. La pili, kama inaruhusiwa kulipa kadi kidogo kidogo kila siku.

"Hata shilingi mia, Mama. Ila uandike nambari ya kadi."

"Hiyo," Waithera alisema, "hata ukiniamsha usingizini."

Faida ya duka lake, akiondoa chakula na kodi, ilikuwa kama elfu moja na mia sita kwa siku. Kwa siku ishirini na moja, ingetosha kwa chupuchupu. Ukutani palikuwa na kalenda ya kampuni moja ya chanjo, yenye picha ya fahali. Akachukua zile kalamu za nta ambazo wafugaji hununua kuweka alama mbuzi, akachora mstari wa buluu kwenye kila siku hadi tarehe ishirini na nane. Hakuchora mpaka thelathini, maana hakutaka kufika kisimani jua likizama. Tarehe kumi na tano akaweka kijani. Tarehe kumi na nane, wekundu, kwa kuwa rangi ya dhahabu hakuwa nayo. Pesa za siku hizo mbili zilikuwa zimetengwa tangu mwanzo wa mwezi, na aliapa kwamba hazitaazimwa na siku nyingine yoyote. Kadi zenyewe alizitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akaiweka chini ya trei ya droo.

Kila alasiri, kabla ya kufunga, alisimama mbele ya kalenda na kutuma. Alizisoma zile tarakimu kumi na sita kwa sauti mara mbili kabla ya kubonyeza, na mteja aliyekuwa dukani alisubiri. Mara ya kwanza alimwandikia Kendi kuuliza kama pesa imeingia kwenye kadi, siyo kwenye akaunti. Mara ya pili pia. Mara ya tatu Kendi alimtumia ujumbe kabla hajauliza: imeingia, Mama, lala.

Tarehe kumi na sita alikuja Robow. Huyu ndiye mnunuzi wa ule mradi wa wafugaji uliomlipa baada ya miezi mitano. Alikuja anatabasamu na orodha mkononi: dawa ya minyoo ya mbuzi elfu tatu, mali ya shilingi laki moja na sitini elfu. Malipo baada ya siku sitini.

Waithera aliisoma orodha kwa muda mrefu. Faida yake ingekuwa zaidi ya deni lote lililokuwa likimnyima raha. Na bahasha ilikuwa pale kwenye droo, hatua mbili. Akamwambia Robow kwamba atamuuzia kilichoko rafuni kwa pesa taslimu, leo hii, au alipe nusu kwanza naye ataagiza.

"Mama Kinuthia," Robow alisema, "umeanza kuogopa biashara?"

"Naogopa siku ya Arero."

Robow hakumwelewa, na hakuwa na muda wa kuelewa. Aliikunja orodha, akavuka barabara hadi kwa Shuriye, mwenye agroveti ya pili ya mtaa ule, ambaye Waithera alijua kwamba naye ameandikiwa na kampuni ya Nairobi. Kesho yake katoni zilishushwa kwa Shuriye mchana kutwa. Waithera alizihesabu zote kupitia mlangoni. Zilikuwa arobaini na tatu. Alasiri alituma elfu moja na mia sita.

Siku tatu baadaye soko la mifugo likafungwa. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeonekana kwenye kundi moja, karantini ikatangazwa, na wafugaji wakaacha kuja mjini. Mauzo yakashuka. Siku moja alituma mia tisa. Siku iliyofuata mia saba. Tarehe ishirini na nne alifanya hesabu akiwa amesimama: zilibaki elfu kumi na mbili, na mistari ya buluu iliyobaki ilikuwa minne.

Alijua mahali zilipokuwa hizo elfu kumi na mbili. Zilikuwa rafuni, ndani ya chupa. Zilikuwa kisimani, naye alikuwa amesimama kando ya hori.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tano alipakia maboksi sita kwenye gari la mizigo la mboga lililokuwa likirudi Kinna tupu, akapanda kando ya dereva. Alichukua dawa ya minyoo, dawa ya kupe, ya vidonda, chumvi ya kulamba, na ule mwavuli. Sokoni Kinna alitandika turubai kando ya wauza nyanya. Saa nzima watu walimpita wakidhani ni mtu wa mradi, anayegawa bure baadaye. Ndipo Dadacha alipomwona, akasimama katikati ya njia na kuita watu kwa Kiborana. Waithera hakuelewa neno ila jina lake mwenyewe na neno mwavuli, lakini watu walikuja wakicheka, na waliocheka walinunua. Aliuza kwa bei ile ile ya mjini. Mtu mmoja alipomwambia angeweza kuongeza, kwa kuwa barabara ni ndefu na ugonjwa uko, alimjibu kwamba anataka kurudi hapa mwezi ujao.

Alilala kwa binamu ya Dadacha na kuuza siku ya pili tena, jua la Kinna likiwa juu ya mwavuli. Pesa za mtaji aliziweka kwenye mfuko mmoja, faida kwenye mwingine, wala hakuiruhusu mifuko hiyo kusalimiana. Jioni faida ilikuwa elfu kumi na mbili na mia nne.

Alizituma palepale, akiwa ameketi juu ya boksi tupu, akisoma tarakimu kwa sauti. Muuza nyanya akamuuliza anasali sala gani. Waithera akamwambia ni sala ya kumi na sita.

Tarehe ishirini na nane Kendi alimchapishia taarifa ya kadi ya buluu. Malimbikizo: sufuri. Deni lilikuwapo bado, nalo lingeendelea kuwapo miezi minane au tisa, lakini lilikuwa deni lenye tarehe, linalolipwa kwa siku yake. Tarehe ishirini na tisa cheti cha CRB kilitoka. Waithera alikisoma mara tatu kwenye duka la kuchapisha karatasi, akitafuta kosa, kisha akakituma Nairobi pamoja na leseni. Uwakala aliupata siku kumi baadaye, na friji ya chanjo ikaja imefungwa kwa kamba juu ya lori.

Ile ya dhahabu aliimalizia baada ya miezi miwili, akaandika barua ya kuifunga, akangoja jibu la maandishi, ndipo akaikata kwa mkasi. Ya buluu aliiachia dawa za kampuni peke yake. Ya kijani, usafiri wa kwenda Kinna tu. Mwavuli alibaki nao.

Shuriye alivuka barabara mwezi huo huo. Aliingia kwa salamu nzuri, akaisifu friji, akasema anahitaji chanjo za mbuzi mia tano. Waithera alifurahi kumwona, na alimwambia hivyo. Shuriye akasugua kidevu, akaeleza kwamba kwa sasa mkono umebana kidogo, ule mradi bado haujamlipa, na kama Mama Kinuthia angeweza kumngojea.

"Nitakungojea," Waithera alisema. Akatoa kalamu ya nta ya kahawia, akasimama mbele ya kalenda. "Mpaka siku gani?"

"Nikilipwa tu."

"Hiyo si siku, Shuriye."

Shuriye aliitazama ile kalenda, mistari yake ya buluu na ya kijani, fahali akiwa juu. Akahesabu kwa midomo. Kisha akanyoosha kidole na kugusa tarehe ishirini na moja, na Waithera akaipaka kahawia.